Safari ya Pili ya Afisa Ustawi

Leo naomba twende pamoja kwenye ofisi moja ya halmashauri ambayo wengi tunaijua kwa jina lakini kazi yake hatuijui vizuri. Ni ofisi ya Ustawi wa Jamii. Mitaani ukisikia mtu anasema "nakwenda Ustawi", unajua tayari: kuna mwanamume kaacha kutoa matumizi, na mama watoto wake kachoka kusubiri. Wapo wanaoitumia kama fimbo kabisa. "Nitakupeleka Ustawi!" Basi kwa watu wengi ofisi hiyo imebaki kuwa mahali pa kushitakiana.

Hilo ni tawi moja tu la mti mkubwa. Na hata hilo tawi, tunaliangalia upande mmoja. Tunaona siku ya kuitwa na siku ya kusuluhishwa. Nami nasema, na nitajaribu kukuonyesha jioni hii, kwamba kazi yenyewe ya Ustawi huanza baada ya hapo, pale afisa anapofunga safari ya kwenda kuangalia kama lile mlilokubaliana ofisini linatendeka nyumbani. Halmashauri inayomwezesha afisa wake kurudi mara ya pili na ya tatu inahudumia watu wake. Inayomwachia rejista na meza peke yake inaandika tu majina ya wenye shida.

Twende kwanza tukaone. Chukua Jumatatu asubuhi, saa mbili na nusu, katika mji wowote wenye pilikapilika hapa Tanzania. Nje ya ofisi kuna benchi la mbao, na limejaa. Yupo dada kambeba mtoto mgongoni kwa kitenge, mkononi kashika bahasha ya kaki yenye kadi ya kliniki. Yupo bibi na wajukuu wawili wenye sare za shule, siku ya shule, saa ya vipindi. Yupo askari wa kike kutoka Dawati la Jinsia na Watoto, kaja na jalada. Ndani kuna meza mbili zilizobanana, kabati la chuma, na mafaili yamepangwa hadi dirishani. Mtu akifika kwenye jambo la aibu, akashusha sauti na kuanza kuangalia chini, afisa wa meza ya pili anasimama mwenyewe bila kuambiwa, anatoka nje na kurudisha mlango. Ndiyo faragha iliyopo. Nawaheshimu sana watu wanaoifanya kazi hiyo katika chumba cha namna hiyo.

Dada wa kitenge akiingia, atataka kueleza habari za mume: kaoa kwingine, simu hapokei, mama mkwe kamtukana. Afisa mzuri atamsikiliza mpaka mwisho. Kisha maswali yake yatahamia kwa mtoto. Ana miezi mingapi? Chanjo zimekamilika? Mnalala wapi sasa hivi? Jana mchana alikula nini? Mara ya mwisho baba yake kumwona ni lini? Yote yanaandikwa, shauri linapewa namba, na barua ya wito inatoka. Barua hiyo mara nyingi hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, maana ndiye anayejua nyumba ya fulani iko wapi na ndiye shahidi kwamba imefika.

Siku ya wito yule baba anakuja na hasira yake. Katoka kazini, kaomba ruhusa, majirani wameiona barua. Afisa ni binti wa miaka ishirini na kitu, mteja ni mtu mzima mwenye mvi. Sikiliza jinsi mazungumzo yanavyoanza pale anayeyaendesha anapoijua kazi yake.

"Shikamoo, baba. Karibu, kaa."

"Marahaba. Mimi nimeitwa hapa kama mwizi."

"Hapana, baba. Hapa si polisi, wala si mahakamani. Tumekuita tuzungumze habari za mtoto."

"Huyu mwanamke ananidhalilisha. Muulize alinifanyia nini!"

"Ya kwenu wawili tutayasikia, baba yangu, yote. Ila kwanza nisaidie hili moja: kesho asubuhi mtoto anakunywa uji wa nani?"

Hapo kwa kawaida panakuwa na kimya. Swali hilo halina upande. Halimtetei mama wala halimlaani baba. Linamweka mtoto katikati ya chumba, na wakubwa wote wawili wanalazimika kumtazama.

Sasa, afisa huyo hatumii huruma yake tu. Anasimama juu ya sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa upande wa Tanzania Bara, katika kifungu cha 94 inaibebesha mamlaka ya serikali ya mitaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Inaitaka iwe na rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi. Inaitaka imsaidie na kumpatia mahali pa kukaa mtoto aliyepotea au aliyetelekezwa. Na kifungu cha 95 kinamgusa kila mmoja wetu, msikilizaji: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mitaa. Afisa ustawi akishapata taarifa anaweza kumwita mhusika wajadiliane. Mhusika akikaidi, shauri linakwenda mahakamani, na huko amri ya mahakama haijadiliwi tena mezani. Zanzibar nako wana Sheria yao ya Mtoto, ya mwaka 2011.

Naomba usikie vizuri neno hilo, jukumu. Halmashauri haitoi sadaka pale Ustawi. Inalipa deni la kisheria kwa wakazi wake, sawasawa na inavyopaswa kuzoa taka na kuendesha zahanati.

Na tusisahau tulikotoka. Kabla ya sheria hiyo ya 2009, matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yaliongozwa na sheria ya zama za ukoloni, na kiwango kilichowekwa humo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia moja! Iliendelea kuwamo kwenye vitabu vya sheria miaka na miaka baada ya mia moja kushindwa kununua hata mkate. Wako akina mama waliolea kwa jasho lao wenyewe huku sheria ikiwahesabia mia. Siku hizi mahakama inaangalia kipato na hali ya wazazi wote wawili, gharama za maisha za pale mtoto anapoishi, na mahitaji ya mtoto mwenyewe. Ni hatua kubwa, na watu wengi bado hawajui kwamba imepigwa.

Kuna na hili la "mtoto si wangu". Linasemwa sana kwenye zile meza mbili. Baadhi ya watu hudhani wataingia tu kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wakiwa na mtoto mkononi na kupimwa vinasaba. Haiko hivyo. Tangu sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, maombi yanapitia kwa mamlaka zinazotambulika, na Ustawi wa Jamii ni mojawapo, pamoja na mahakama, polisi na mawakili. Sababu yake ni nzuri. Majibu ya kipimo kile yanaweza kuvunja nyumba kwa dakika moja, na mtoto asiye na kosa lolote akabaki hana pa kushika. Lazima awepo mtu wa kuwaandaa kabla, na wa kubaki nao baadaye.

Haya, tuseme wamekubaliana. Baba atatoa kiasi fulani kila mwezi, kwa simu, ili ujumbe ubaki kama ushahidi. Atamwona mtoto kila mwisho wa wiki. Mama hatamkataza. Wamesaini, mashahidi wamesaini, muhuri umegongwa. Wengi wetu tungesema shauri limekwisha.

Mwezi wa kwanza pesa inaingia. Wa pili inaingia nusu. Wa tatu, kimya. Mama anaona haya kurudi, maana nauli hana, na ndugu zake wameanza kumwambia aache kujidhalilisha. Faili lipo kabatini, limeandikwa vizuri, lina muhuri. Na mtoto analala bila kula huku karatasi zikisema amepata haki yake.

Hapo ndipo safari ya pili inapotofautisha ofisi na ofisi. Afisa anayekwenda nyumbani bila kuitwa anakuta mambo ambayo benchi la nje haliwezi kumwambia. Anakuta baba kapunguzwa kazini na kaona aibu kusema, kwa hiyo makubaliano yanahitaji kupangwa upya, kumkaripia hakutasaidia. Au anakuta pesa inafika, lakini mama anaumwa, na anayeishika ni mtu mwingine. Au anamkuta mtoto mkubwa wa miaka kumi na moja, ambaye jina lake halikutajwa kabisa ofisini kwa sababu ni wa baba mwingine, ndiye anayelea wadogo zake na hajaingia darasani tangu muhula uanze. Mambo haya yanaonekana jikoni na uani. Yanaonekana kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda dakika arobaini akaongea na bibi, akaulizia daftari la shule, akatazama kama kuna chandarua.

Sasa niruhusu nigusie hapa historia kidogo, kwa ufupi. Huduma hii nchini ilianza enzi za mkoloni, baada ya Vita Kuu ya Pili, na miongoni mwa watu wa kwanza waliofikiriwa walikuwa askari waliorudi kutoka vitani. Vikajengwa vituo vya jamii mijini. Baada ya Uhuru taifa likaamua kusomesha wataalamu wake lenyewe, na katika miaka ya 1970 ikaanzishwa taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Huko na vyuo vingine ndiko wanakotoka hawa vijana wa leo. Kwa hiyo hii si kazi ya mtu yeyote mwenye roho nzuri. Ina masomo yake, maadili yake, na siri zake za kutunza.

Na hapa nisahihishe mkanganyiko mmoja unaowapotezea watu nauli. Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Ustawi wa Jamii ni watu wawili tofauti. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ukiifuata nenda kwa Maendeleo ya Jamii. Ustawi anashughulika na mtu au familia iliyofikwa na jambo: mtoto, mzee, mgonjwa asiye na ndugu, ndoa inayovunjika, kijana aliye mkononi mwa sheria. Mkanganyiko unatokana pia na serikali yenyewe. Kitaifa mambo yote mawili yako chini ya wizara moja, ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iliyoundwa Januari 2022. Ndani ya halmashauri, Ustawi anakaa pamoja na watu wa afya na lishe, na mwajiri wake yuko upande wa TAMISEMI. Mwananchi akizungushwa, asijione mjinga.

Nimesema kijana aliye mkononi mwa sheria. Hebu tukae hapo kidogo, maana ni kazi ambayo watu hawaijui kabisa, nami naipenda kuliko zote.

Chukua mfano wa kijana wa miaka kumi na minne aliyekamatwa na vyuma chakavu. Kavunja uzio wa karakana ya mtu, kachukua vipande vya nondo, kaenda kuviuza kwa kilo. Kosa lipo, mwenye mali kaumia, hakuna anayekataa. Kwa sheria huyo ni mtoto, kwa kuwa hajafika miaka 18, na shauri lake linapaswa kusikilizwa katika Mahakama ya Watoto. Dar es Salaam ipo moja maalumu pale Kisutu. Kwingi kwingine hakimu wa mahakama ya kawaida hukaa kama Mahakama ya Watoto, faraghani, bila umati. Na katika chumba hicho anatakiwa kuwepo afisa ustawi.

Kabla hakimu hajaamua amfanye nini kijana huyo, anahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Ni kurasa chache tu. Lakini ili ziandikwe, mtu lazima atembee. Aende nyumbani kwa kijana. Aende shule aliyokuwa anasoma, amuone mwalimu wa darasa, afungue rejista ya mahudhurio. Aende kwa mjumbe. Aende hata kwa huyo mwenye karakana. Na humo njiani anakuta hadithi ambayo jalada la polisi halina nafasi yake. Kwamba kijana alikuwa wa sita darasani mpaka mwaka jana. Kwamba bibi aliyekuwa anamlea alipooza upande mmoja. Kwamba tangu hapo kijana analala kwenye kibanda cha kuuzia chipsi, anamenya viazi alfajiri kwa ujira wa sahani moja ya chakula, na nondo aliziuza wiki ambayo kibanda kilibomolewa.

Taarifa hiyo haimfutii kosa. Inampa hakimu macho. Akishaisoma anaweza kumwachia kijana chini ya uangalizi wa afisa ustawi, kwa masharti, arudi shule na kumwomba radhi mwenye mali, badala ya kumpeleka mbali na kila mtu anayemjua. Na ikishatoka amri ya uangalizi, unadhani ni nani anayeangalia? Ni yule yule wa meza mbili na kabati la chuma. Asipokwenda kumwona kijana baada ya wiki mbili, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, ile amri ni maneno matupu. Bibi bado kapooza, kibanda bado kimebomolewa, na nondo bado zina bei.

Mambo ya ndoa nitayapita haraka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mtu kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu, na watu wengi hupitia Ustawi kwa ajili hiyo. Nitasema hili moja tu: kusuluhisha si kulazimisha watu warudiane. Afisa anayehesabu mafanikio yake kwa idadi ya wanawake aliowarudisha kwenye nyumba za vipigo hajasuluhisha kitu.

Na hilo linanileta kwenye jambo zito. Mwaka 2009 nchi yetu ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatangazwa 2011. Yalionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni takriban mmoja katika kila saba. Nchi ilishituka, na kwa haki. Mipango ikaja, ukiwemo ule wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18 na kuweka kamati kuanzia taifa hadi vijijini na mitaani. Vikafunguliwa vituo vya mkono kwa mkono katika baadhi ya hospitali, ambako mtoto anamkuta daktari, polisi na afisa ustawi mahali pamoja, asizungushwe akieleza aibu yake mara tano kwa watu watano.

Lakini adui mkubwa bado yumo ndani ya nyumba zetu, na lugha yake ni laini sana: "Tuyamalize kifamilia." Mjomba kamharibu mtoto, wazee wanakaa, inatajwa mbuzi, inatajwa hela ya matibabu, mtoto anapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine, basi. Msikilizaji, nasema kwa uchungu wote nilionao: huo si usuluhishi. Ubakaji wa mtoto hauna kikao cha wazee. Na afisa ustawi akiombwa akae na familia "ayaweke sawa", jibu lake ni moja, kwamba hapo hakuna cha kuweka sawa, kuna jinai na kuna mtoto wa kulindwa.

Kumlinda kwenyewe kuna ufundi. Njia nyepesi ni kumwondoa mtoto, na hapo mtoto anaadhibiwa mara ya pili: kapoteza shule, kapoteza rafiki zake, kapoteza kitanda chake, huku aliyemdhuru akibaki nyumbani. Panapowezekana, anayepaswa kuondoka ni mtuhumiwa. Isipowezekana, ndipo anatafutwa ndugu mwema aliye karibu, au mlezi wa kuaminika. Hawa ni watu wa kawaida wa mtaani, mama fulani na mumewe, waliochunguzwa na kuandaliwa na Ustawi ili wampokee mtoto hata usiku wa manane kwa siku chache. Makao ya watoto yabaki kuwa mlango wa mwisho. Nawafikiria sana wazazi hao wanaofungua mlango saa saba za usiku, wakampokea mtoto anayetetemeka, wakampa chai bila kumuuliza chochote.

Kisha kesi inakwisha. Tuseme mtuhumiwa kafungwa. Hapo wote tunaondoka, tumeridhika. Lakini huyo aliyefungwa ndiye aliyekuwa analipa kodi ya nyumba. Mama analia usiku. Ndugu wa aliyefungwa wanamtazama mtoto kwa jicho la "wewe ndiye uliyemfunga". Darasani wanajua. Mtoto wa namna hiyo anamhitaji afisa ustawi mwezi wa nne na wa tano kuliko alivyomhitaji siku ya kwanza. Na mwezi wa nne hakuna kamera, hakuna kamati, hakuna mtu aliyeagiza taarifa.

Wazee nao. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na kule hospitali mtu wa kuthibitisha kwamba huyu kweli hana uwezo ni afisa ustawi. Utamwona anapita wodini na faili lake. Kitanda hiki kuna mzee kaletwa na wasamaria wema, kaokotwa stendi, haongei vizuri, hana kitambulisho. Nani wake? Afisa anapiga simu kwa mtendaji wa kijiji ambacho mzee amekitaja kwa shida, anaambiwa hapa hatuna mtu huyo, anapiga kijiji cha jirani. Wakati mwingine anampata mtoto wa mzee, na mtoto anakata simu. Basi anapiga tena kesho. Wapo wazee wanaoishia kwenye makazi ya serikali, Nunge kule Kigamboni, Kolandoto kule Shinyanga, Magugu, Bukumbi, Fungafunga kule Morogoro, na wanatunzwa. Hata hivyo mzee aliyepatiwa ndugu anayekubali kumpokea, huku afisa akipita kila baada ya muda kuona anakula na anaoga, anazeeka miongoni mwa watu wanaolijua jina lake. Hiyo nayo inataka miguu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu miguu hiyo. Safari ya pili inahitaji pikipiki, mafuta, na siku nzima nje ya ofisi. Kata nyingi hazina afisa ustawi wake, na wa wilaya anaweza kuwa na vijiji ambavyo kuvifikia ni nusu siku wakati wa masika. Anayemsaidia huko ni mtendaji, mwalimu, mhudumu wa afya wa jamii, au mjumbe wa kamati anayefanya kwa kujitolea. Mungu awalipe. Lakini kujitolea hakuwezi kuwa mfumo. Kwenye kikao cha bajeti, diwani akisimama kudai darasa anapigiwa makofi, na darasa litazinduliwa, litawekwa jiwe la msingi lenye jina. Mtoto ambaye hakuuzwa, hakubakwa, hakukimbilia mjini, hana jiwe la msingi. Hakuna wa kukata utepe mbele ya jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo fungu la mafuta ya Ustawi ndilo hupunguzwa kwanza, na hakuna anayepiga kelele, kwa sababu wanaoumia hawana sauti kwenye kikao hicho.

Sauti hiyo tunaweza kuwa nayo sisi. Ukiona mtoto ananyanyasika jirani, piga 116, ni bure, ni simu ya huduma kwa mtoto. Au nenda kwa mtendaji au mwenyekiti wako. Usisubiri uwe na ushahidi kama wa mahakamani, kuchunguza si kazi yako. Na wewe mwenye shauri Ustawi, ukipewa tarehe ya kurudi, rudi, hata kama pesa imeingia, maana faili la mtu asiyerudi huhesabika kuwa limekwisha. Ukiwa umehama, sema umehamia wapi, uombe barua ya kukutambulisha kwa Ustawi wa huko.

Na kwa wale mnaoishi vijijini, mkutano mkuu wa kijiji upo kila miezi mitatu. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa, ya maji itasomwa, ya madarasa itasomwa. Nyosha mkono. Muulize diwani, kwa heshima zote, halmashauri yetu ina maafisa ustawi wangapi na kata yetu inahudumiwa na nani. Akijibu, muulize na la pili: katika familia zilizofikishwa Ustawi miezi hii mitatu, ni ngapi zilitembelewa tena nyumbani baada ya kusaini makubaliano, na fungu la mafuta ya safari hizo ni kiasi gani. Kama hana jibu siku hiyo, omba liandikwe kwenye muhtasari, aje nalo mkutano ujao.